Harufu ya Msonobari na Vifua vya Nyangoto

Kijiji cha Nyangoto, wilayani Tarime, kimo miongoni mwa vijiji vilivyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Kabla ya mgodi huo, na hata baada yake, wananchi wa eneo la Nyamongo wamekuwa wakiitafuta dhahabu kwa sururu, nyundo na karai. Mwenye kuitafuta kwa njia hiyo hula vumbi kabla hajala ugali. Hupasua mwamba, huponda mawe, husaga magwangala; na jioni arudipo nyumbani hukohoa. Kikohozi hicho kimezoeleka mno, hata ni nadra mtu kumwuliza mwenziwe habari zake.

Penye kikohozi hapakosi mwuza dawa. Katika magulio na vituo vya mabasi vya nchi yetu huuzwa chupa ndogondogo za mafuta yanukiayo: ya mkaratusi, ya karafuu, ya mchaichai, na ya msonobari. Mwuzaji hufungua kizibo, humsogezea mnunuzi chupa puani, na papo hapo kifua huonekana kana kwamba kimefunguka. Mnunuzi hutoa fedha yake akiamini kwamba amepata tiba.

Safu hii leo inakusudia kueleza mafuta ya msonobari ni kitu gani, yanafaa kwa lipi na hayafai kwa lipi. Tunasema mapema, ili msomaji asikae akisubiri: mafuta hayo yana manufaa yake ya kweli, wala hatuandiki ili kuyabeza. Lakini hayawezi kutoa vumbi lililokwisha kuingia mapafuni, wala hayawezi kuponya kifua kikuu. Mtu mwenye ugonjwa unaotibika, akiyategemea hayo peke yake, aweza kuipoteza saa yake ya kupona.

MTI MGENI ULIOZOEA NCHI

Msonobari, ambao wengi wetu huuita mpaini, si mti wa asili ya Afrika Mashariki. Duniani zipo aina zaidi ya 100 za misonobari, na karibu zote asili yake ni nchi zilizo kaskazini mwa Ikweta. Iliyopo kwetu ililetwa: upo msonobari wa Meksiko, upendao nyanda za juu zenye baridi, na upo ule wa Karibi na Amerika ya Kati, ustahimilio joto la nchi za chini. Huko Sao Hill, Mufindi, miti ya majaribio ilipandwa mwaka 1939, na baada ya Uhuru shamba lile likapanuliwa hata likawa kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali. Kwa upande wetu wa Ziwa, liko shamba la Rubya katika kisiwa cha Ukerewe, na liko la Buhindi ng'ambo ya pili, katika Buchosa. Kwa hiyo mwananchi wa Ukerewe hahitaji kuhadithiwa harufu ya msonobari. Ameinusa mvua iliponyesha na jua likaufuatia mvua hiyo.

Hapa hatuna budi kuondoa kosa moja. Mvinje, mti unaoota fukweni Unguja, Pemba na pwani nzima, una majani membamba kama sindano, na wengi huudhania kuwa msonobari. Sio. Ni mti wa ukoo mwingine kabisa, wala hautoi utomvu wa namna moja na msonobari. Mwenye kuchemsha majani ya mvinje akidhani anapata mafuta ya msonobari anajisumbua bure.

Msonobari ukijeruhiwa gome hutoa utomvu mzito unaonata. Utomvu huo ndio ngao ya mti: huziba jeraha, huwanasa wadudu, na huzuia kuvu wasiingie. Ile harufu kali tuipendayo ni sehemu ya silaha hizo. Ni vema kulikumbuka jambo hili tangu mwanzo. Mti haukuyaumba mafuta yake kwa ajili ya kifua cha mwanadamu. Umeyaumba ili yawadhuru maadui zake. Kitu chenye nguvu ya kudhuru chaweza pia kufaa, lakini kwa kipimo, na kwa mtu ajuaye akifanyacho.

VITU VITATU, JINA MOJA

Chanzo kimoja cha mkanganyiko ni kwamba jina la mafuta ya msonobari hutumiwa kwa vitu vitatu visivyo sawa.

Cha kwanza ni mafuta ya majani. Majani na vitawi vibichi hutiwa katika pipa, mvuke wa maji hupitishwa humo, kisha mvuke ule hupozwa. Maji hukaa chini, na juu yake huelea mafuta mepesi yasiyo na rangi au yenye umanjano kidogo. Hii ndiyo njia ya kukeneka, ileile ambayo kwayo Pemba hupata mafuta ya makonyo ya karafuu. Mafuta ya majani yauzwayo duniani kwa ajili ya tiba ya harufu hutoka hasa katika msonobari wa Ulaya, ambao wataalamu huuita Pinus sylvestris.

Cha pili ni tapentaini. Hii haitoki katika majani bali katika utomvu wa shina. Gome huchanjwa, utomvu hukingwa katika kikombe au mfuko, kisha hukenekwa. Katika kila kilo 10 za utomvu, kiasi cha kilo 7 hubaki kuwa rosini, yaani gamu ngumu yenye rangi ya asali, na kiasi cha kilo 2 huwa tapentaini. Rosini hutumika katika viwanda vya karatasi, sabuni na gundi. Tapentaini huyeyusha rangi za mafuta, na ni malighafi ya viwanda vingi vya kemikali.

Cha tatu ni mafuta ya kusafishia sakafu na vyoo. Hayo hutengenezwa viwandani, aghalabu kwa kuigeuza tapentaini, na yana nguvu ya kuua baadhi ya vijidudu. Fauka ya hayo, zipo sabuni nyingi za maji zinazonukia msonobari ambazo ndani yake hamna mafuta yenyewe ila harufu tu.

Vitu hivi vitatu hunukia kwa namna inayokaribiana, na macho peke yake hayawezi kuvitenganisha vikiwa chupani. Lakini cha kwanza ni cha kunusa na kuchua, cha pili ni cha fundi rangi, na cha tatu ni cha mfagizi. Mtu akiuziwa cha pili kwa jina la cha kwanza, huenda asijue mpaka ngozi yake iungue. Wala si kila msonobari hutoa mafuta yaleyale: aina ya mti, udongo, na msimu wa kuvuna hubadili yaliyomo. Chupa isiyotaja aina ya mti na sehemu ya mti iliyotumika haijamweleza mnunuzi kitu.

MANUFAA YAKE

Ndani ya mafuta ya majani ya msonobari kiini kikubwa ni pinini, ambayo imepata jina lake kutokana na mti wenyewe. Mjerumani Otto Wallach, aliyefafanua jamaa nzima ya viini vya namna hiyo katika mafuta yanukiayo, alipewa Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 1910. Wasomaji wetu wa visiwani watapenda kujua kwamba pinini imo pia katika ubani. Bibi afukizaye ubani Unguja na mkata miti wa Rubya, kwa sehemu fulani, pua zao hukutana na kitu kimoja.

Jina la tiba ya harufu lenyewe si la kale kama wengi wanavyodhani. Mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé, aliyefanya kazi katika biashara ya manukato, ndiye aliyelitoa katika kitabu chake cha mwaka 1937. Kutumia majani yanukiayo, hata hivyo, ni kukongwe kuliko kitabu chochote, na wazee wetu hawakumsubiri Mfaransa awafundishe kujifukiza. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipoingia nchini, kujifukiza kulienea mijini na vijijini, na wengi walirudi kwenye nyungu waliyokuwa wameisahau.

Je, mafuta ya msonobari hufanya nini hasa? Mwenye mafua na pua iliyoziba akivuta mvuke wenye matone machache huhisi nafuu. Mwenye misuli iliyochoka akichuliwa kwa mafuta yaliyochanganywa vizuri hupata joto la ngozi na faraja, na kuchua kwenyewe ni nusu ya nafuu hiyo. Mwenye mawazo mengi aweza kutulia, kwa kuwa harufu ina njia fupi ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia. Katika maabara imeonekana kwamba mafuta haya huzuia ukuaji wa baadhi ya bakteria. Lakini bakteria aliye katika kisahani cha maabara si sawa na bakteria aliyejichimbia ndani ya pafu la mtu. Kutoka kisahanini mpaka kitandani pana safari ndefu, na mafuta ya msonobari hayajaimaliza safari hiyo.

Basi mwenye kutaka kuyatumia na ayatumie hivi. Kwa kuvuta mvuke, matone 2 au 3 katika bakuli la maji ya moto yaliyoepuliwa, macho yamefumbwa, kwa dakika chache, na bakuli likae juu ya meza imara mbali na watoto. Maana kujifukiza kumewaunguza watu wengi kwa maji yenyewe. Kwa kuchua, matone 5 au 6 katika vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya nazi au alizeti, na kwanza ajaribu kidogo mkononi asubiri siku moja. Chupa ifungwe vizuri na iwekwe mahali penye giza na ubaridi, kwa sababu mafuta yaliyochakaa kwa hewa na mwanga huwasha ngozi zaidi kuliko mapya. Asiyameze kamwe.

SOMO LA HEWA YA MISONOBARI

Imani kwamba msonobari huponya kifua si mpya, wala haikuanzia katika magulio yetu. Katika karne ya 19, kabla dawa ya kifua kikuu haijapatikana, madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapeleka wagonjwa milimani, kwenye misitu ya misonobari, wakavute hewa safi. Mmoja wa watu mashuhuri katika habari hiyo ni Dakta Edward Livingston Trudeau wa Marekani. Yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu, akaenda katika misitu ya milima ya Adirondack mwaka 1873 akitazamia kufa, lakini akapata nafuu. Mwaka 1884 akaanzisha huko Saranac Lake nyumba ya wagonjwa wa kifua, nao wakalazwa barazani wakivuta hewa ile yenye harufu ya misonobari.

Wapo waliopata nafuu. Pumziko, chakula kizuri na hewa safi huusaidia mwili kupigana. Lakini wengi walikufa, na Dakta Trudeau mwenyewe alifariki mwaka 1915 kwa ugonjwa uleule. Mwaka 1943 dawa ya streptomaisini iligunduliwa, na nyingine zikafuata. Mwaka 1954 nyumba ile ya Saranac Lake ikafungwa. Misonobari ilibaki ikinukia vilevile. Kilichobadilika ni kwamba wagonjwa walikuwa wamepata dawa.

Habari hii tunayo hata sisi. Chini ya mlima Kilimanjaro iko Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu, katika siku ambazo hewa ya mlimani ilikuwa sehemu kubwa ya tiba yenyewe. Leo Kibong'oto ni Hospitali Maalumu ya Magonjwa Ambukizi, na miongoni mwa wanaohudumiwa huko ni wachimbaji wa madini wa Mirerani. Aidha, mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Katika mpango huo Dakta Karel Styblo, pamoja na waganga na wauguzi wa nchi hii, walionyesha kwamba hata taifa lisilo tajiri laweza kuwaponya wagonjwa wake walio wengi, maadamu dawa zipo na mgonjwa anasimamiwa azimeze mpaka mwisho. Somo hilo lilitoka kwetu likaenda duniani. Ingekuwa aibu iwapo sisi tulioufundisha ulimwengu jambo hilo tungerudi kuwatibu wagonjwa wetu kwa harufu.

PUA SI HAKIMU

Sasa turejee Nyangoto. Mwamba wenye dhahabu una silika, madini yaleyale yaliyo katika mchanga na kioo. Mwamba huo upasuliwapo na kusagwa ukiwa mkavu, hutoa vumbi la aina mbili. Liko vumbi kubwa, linaloonekana, ambalo hutufanya tupige chafya na kutema mate. Na liko vumbi dogo mno lisiloonekana kwa macho, linalopita puani na kooni bila kusimamishwa, likaenda kutua kwenye kina cha mapafu. Huko haliyeyuki. Mapafu hujaribu kulizungushia kovu, na kovu juu ya kovu huyafanya kuwa magumu kama ngozi ya ngoma. Ugonjwa huo ni silikosisi. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati ambapo mtu huenda amekwisha kuacha kuchimba. Hauna dawa ya kuuondoa. Tena, mwenye vumbi hilo mapafuni hupatwa na kifua kikuu kwa wepesi zaidi kuliko mtu mwingine.

Vumbi hilo la hatari halina harufu. Hali kadhalika zebaki. Mchimbaji mdogo huikamata dhahabu yake kwa zebaki, kisha huiunguza ile donge ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Huingia mwilini kwa njia ya mapafu na kuudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, lakini mkataba uliotiwa saini haujui njia ya kwenda mialoni usipopelekwa.

Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka msomaji alishike. Vitu viwili vinavyoangamiza vifua na miili ya wachimbaji wetu, vumbi la silika na mvuke wa zebaki, pua haivitambui. Kitu kinachouzwa kama tiba, pua hukitambua mara moja na kukipenda. Mwenye kuiachia pua yake ihukumu afya yake atakimbia pasipo na hatari na kukaa starehe penye hatari. Mafuta ya msonobari humpa mtu hisia ya kifua kilichofunguka. Njia ya hewa yenyewe huenda haikupanuka hata kidogo. Akisikia amefunguka, ataahirisha kwenda hospitali mwezi huu, na mwezi ujao, na ule mwingine. Kumbe ndani yake ugonjwa uendelea na kazi yake, na kama ni kifua kikuu, nyumbani mwake watoto wanavuta hewa aliyoikohoa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye kuyafunika maradhi yake kwa harufu naye ni mficha maradhi, hata kama hakukusudia.

Kwa hiyo mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, mwenye kutokwa jasho usiku, mwenye kukonda, au mwenye kutema makohozi yenye damu, na aende kituo cha afya apimwe makohozi. Amweleze mganga kwamba yeye ni mchimbaji, au ni mwanamke mponda mawe, au aliwahi kuwa hivyo zamani; neno hilo moja laweza kubadili uchunguzi mzima. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya Serikali. Na aliye mzima bado ajikinge: jiwe limwagiwe maji kabla ya kupasuliwa, msagaji akae upande unakotoka upepo, na kitambaa cha puani kisichukuliwe kuwa kinga ya kutosha, maana vumbi dogo hupenya. Zebaki isiunguzwe jikoni wala ndani ya nyumba; vipo vyombo vya chuma vinavyofungwa, vinavyoirudisha zebaki badala ya kuitawanya hewani.

HATARI ZA CHUPA YENYEWE

Hatuwezi kumaliza bila kuonya juu ya chupa yenyewe. Tapentaini ni sumu ikinywewa. Huunguza tumbo, hudhuru figo, na ikipotea njia ikaingia mapafuni huleta homa kali ya mapafu. Kiasi cha kijiko kimoja cha mezani chaweza kumwua mtoto mdogo. Mtoto akiinywa, kama anywapo mafuta ya taa, asitapishwe. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe ili mganga aone ni nini.

Watoto wachanga wasipakwe mafuta haya puani wala kifuani. Mwaka 2011 wakala wa dawa wa nchi za Ulaya ulipendekeza kwamba dawa fulani za kuingiza njia ya haja kubwa, zenye viini vya jamii hii, yakiwamo mafuta ya majani ya msonobari na tapentaini, zisitumiwe kwa watoto wa chini ya miezi 30, kwa sababu ya hatari ya degedege. Mama wa Nyangoto au wa Nansio, ambaye amekwisha kuona degedege la malaria, hana haja ya kuongezewa la pili. Mwenye pumu naye ajihadhari, kwa kuwa harufu kali yaweza kumwamshia ugonjwa badala ya kuutuliza. Wala asidhani mtu kwamba kuchoma vijiti vya msonobari ndani ya nyumba ni sawa na kuvuta mafuta yake. Moshi ni moshi; kifua hakiulizi umetoka katika mti gani.

KWA WENYE DHAMANA NA KWA WANAVISIWA

Kwa viongozi wetu wa Serikali tuna maneno machache. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, na Baraza lake lipo. Tangu mwaka 2019 dawa zimekuwa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vipodozi vikahamia Shirika la Viwango. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo ipo. Vyombo havikosekani. Shida ni kwamba chupa moja ya mafuta yanukiayo huweza kuwa kipodozi asubuhi, tiba mbadala mchana, na dawa ya mapafu jioni, kwa kutegemea maneno ya mwuzaji. Tunashauri kwamba maofisa wa afya na biashara wa wilaya waikague chupa kwa maneno yanayoiuza, na si kwa karatasi iliyobandikwa peke yake. Chupa itaje aina ya mti, sehemu iliyotumika, na onyo la kutonywewa. Mwenye kutangaza kwamba anaponya kifua kikuu kwa harufu aulizwe ushahidi wake.

Lakini kumfukuza mwuza mafuta peke yake hakutamponya mchimbaji. Watu hununua chupa kwa sababu chupa iko karibu na kipimo kiko mbali. Upimaji wa kifua uende penye maduara na makarasha, siku ya kazi, badala ya kungojea mchimbaji aache riziki yake aje mjini. Mwajiriwa wa mgodi analindwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Mchimbaji mdogo asiye na mwajiri, na mama aponda mawe kwa malipo ya siku, mapafu yao ni yaleyale, lakini hawana wa kumwendea. Hili ni jambo linalostahili kufikiriwa na wanaotunga sheria.

Kwa ndugu zetu wa Ukerewe na visiwa vingine vya Ziwa, tuna neno la namna nyingine. Vijana wengi huvuka kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya kwenda bara kutafuta maisha, na baadhi yao huishia machimboni. Warudipo na kikohozi, wasihesabiwe kuwa wamerogwa wala wasipewe chupa. Wapelekwe Nansio wakapimwe. Na kuhusu misonobari ya Rubya, thamani yake si mbao tu. Huko Sao Hill katika miaka ya karibuni ugemaji wa utomvu umekwisha kuwapatia watu kazi, na mti ugemwao vizuri huendelea kusimama mpaka siku yake ya kukatwa. Kama mashamba ya Ziwa yanafaa kwa kazi hiyo ni swali la kupimwa na Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa aina ya mti na wingi wa utomvu hutofautiana. Utomvu ni mazao ya msitu, na kuuvuna bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mtu asije akachanja gome usiku, akachemsha sufuriani, akauza kwa jina la dawa. Utomvu huwaka moto upesi, na nyumba ya makuti haina subira.

Twaweza basi kuuheshimu msonobari bila kuusingizia. Ni mti ulioletwa, ukakubali udongo wetu, ukatupa mbao, kivuli, utomvu na harufu inayotuliza moyo. Anayechuliwa mgongo baada ya kazi ngumu na achuliwe kwa mafuta yake, na aliyezibwa pua na avute mvuke wake. Lakini mchimbaji wa Nyangoto akohoaye wiki ya tatu sasa, akiishika chupa hiyo mkononi, na aiweke mezani, avae viatu, aende akapimwe. Chupa haitaharibika, ataikuta.